Malaria, Selimundu na Deni Lisiloombwa

Maradhi mengi ya watoto humwachia muumini mahali pa kuegemea. Husema hekima ya Mungu imefichika, hunyamaza, na ukimya wake huo huheshimika. Selimundu haimwachii nafasi hiyo. Sababu ya ugonjwa huu kudumu miongoni mwetu inajulikana, tena imejulikana kwa miaka 70: jeni inayomtesa mtoto mmoja ndiyo iliyowakinga ndugu na mababu zake dhidi ya malaria. Kwa hiyo hatuulizi tena kwa nini mtoto asiye na hatia anateseka bila sababu yoyote tunayoiona. Sababu tunaiona. Linalobaki ni gumu zaidi: je, sababu hiyo inatosha? Hoja yangu ni kwamba haitoshi, wala haiwezi kutosha. Lakini kuijua kumetuachia deni, na deni hilo lina mdai anayejulikana na wadaiwa wanaojulikana.

Tuanze na ushahidi, maana mjadala wa dini uliojengwa juu ya sayansi ya kusikia-sikia huporomoka upesi. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuwa ukienda Mlima Kenya, akaitumia safari hiyo kuchukua sampuli za damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta mahali ambapo watu wenye nakala moja ya jeni ya selimundu walizidi 20 katika kila 100. Kwenye nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata mmoja. Sasa, jeni ambayo watoto wengi walioirithi kwa baba na kwa mama walikufa kabla ya kupata watoto wao wenyewe, mbona haikupungua kizazi hadi kizazi mpaka ikatoweka? Allison alijibu kwamba ni malaria: penye mbu wengi, mwenye nakala moja hunufaika. Mwaka 1954 alichapisha katika jarida la British Medical Journal matokeo ya vipimo vya watoto 290 wa Kiganda. Kati ya 43 wenye nakala moja, 12 walikuwa na vimelea vya malaria katika damu. Kati ya 247 wasio nayo, walikuwa 113. Alieleza pia jaribio ambalo leo halingepita mbele ya kamati ya maadili: watu wazima 30 wa Kiluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi. Katika 15 wasio na jeni ile, 14 walishikwa na vimelea. Katika 15 walio nayo, wawili tu. Tafiti za baadaye, zikiwamo zilizofanyika Kilifi, zimeonyesha kwamba nakala moja hupunguza hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Kinga kubwa kiasi hicho inatokana na badiliko dogo mno. Herufi moja tu katika maandishi ya vinasaba imegeuka, na kwa sababu hiyo kijenzi kimoja cha protini ya himoglobini kimekaa mahali pa kingine, kama Vernon Ingram alivyogundua katika miaka ya 1950. Mwenye nakala moja huishi maisha yake kama watu wengine, na kimelea kinachoingia katika chembe zake nyekundu hakistawi humo kama kinavyostawi kwa wengine. Kwa mwenye nakala mbili, chembe hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na kumletea upungufu wa damu, maambukizi ya mara kwa mara, kiharusi wakati mwingine, na maumivu ya mifupa ambayo mzazi aliyewahi kuyauguza hahitaji kuelezwa. Tena mtoto huyu malaria ikimshika humuua kwa urahisi kuliko wenzake. Kinga iliyomwezesha mama yake kufika umri wa kumzaa, yeye mwenyewe hana.

Hesabu yake ni ya wazi. Baba na mama wenye nakala moja kila mmoja, katika kila mimba wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Katika jamii ambayo jeni hiyo ni moja katika kila kumi, watoto 100 wakizaliwa, kwa wastani 18 watakuwa na nakala moja na mmoja atakuwa na mbili. Kumi na wanane wanakingwa na mmoja anaumia, na uwiano huo hushikiliwa na malaria yenyewe, maana jeni ikipungua, wenye kinga hupungua na vifo vya malaria huiinua tena. Kwa Tanzania pekee, makadirio yanayotumiwa mara nyingi ni watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka.

Jibu la kwanza ambalo watu hulitoa ni lile la adhabu: kuna mtu amekosa, au kuna laana katika ukoo, na mara nyingi kidole huelekezwa kwa mama. Jibu hili halihitaji muda mrefu. Injili ya Yohana, katika sura ya tisa, inamweka Yesu mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu, wanafunzi wakiuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye anakataa yote mawili. Qurani kwa upande wake inakataa mara kadhaa kwamba mtu abebe mzigo wa dhambi ya mwingine. Na sayansi inaongeza jambo ambalo kila mwanaume anayemfukuza mkewe kwa sababu ya mtoto wa selimundu angepaswa kuambiwa na shehe wake au padri wake: mtoto hawezi kuugua bila kurithi jeni kwa baba pia. Anayetafuta mkosaji nyumbani humo anatafuta asiyekuwapo.

Jibu la pili ni zito, na wenye kulitoa ni watu wa fikra. Wanasema Mungu hakuumba maumivu haya kwa ajili ya maumivu. Aliruhusu uchungu wa wachache uwe ndani ya heri ya wengi, nasi tunaona sehemu tu ya mpango. Imam Ghazali aliandika kwamba haiwezekani kuwapo kilicho bora kuliko hiki kilichopo, kauli iliyowagawanya wanazuoni kwa karne nyingi baada yake. Na mwaka 1710 Leibniz, Mkristo wa Ujerumani, alichapisha kitabu kizima kutetea wazo lililo karibu na hilo. Ghazali anatoa mfano wa mkono wenye donda baya unaokatwa ili mwili upone: kukatwa ni shari kwa macho, na ndani yake mna heri. Ukiisoma takwimu ya Allison huku ukiukumbuka mfano huo, utaona selimundu kana kwamba iliwekwa ili kuuthibitisha. Mmoja ameumia, kumi na wanane wamepona, na mwili wa jamii umesalimika.

Naiheshimu hoja hii, lakini ina nyufa mbili, na ya kwanza imo ndani ya mfano wenyewe. Mkono hauna nafsi. Aliyekatwa mkono ndiye yule yule anayepona, hasara na faida ni za mtu mmoja, na akipata nguvu anaweza kusema mwenyewe kwamba ilistahili. Mtoto wa selimundu si kiungo cha mtu mwingine. Ni mtu kamili, mwenye nafsi ambayo dini hizo hizo zinafundisha kwamba thamani yake haipimwi kwa kuitwanga pamoja na nafsi nyingine. Kumwambia kwamba maumivu yake yamefidiwa na uzima wa kaka yake ni kuwafanya watu wawili kuwa mtu mmoja, kisha kufanya hesabu. Muumini anaweza kujibu kwamba fidia ya mtoto huyo iko akhera, na sina neno dhidi ya tumaini hilo. Lakini fidia ya akhera ikishatajwa, hoja imekwisha kubadilika: anayefidiwa ni yule aliyedhulumika au kupungukiwa, na kinga ya malaria haina tena kazi yoyote katika utetezi. Yule asemaye Mungu atamlipa mtoto huyu amekubali kwamba mtoto huyu anadai.

Ufa wa pili ni wa ushahidi. Hoja ya gharama husimama tu ikiwa gharama haikuepukika, nasi tunajua kwamba kinga dhidi ya malaria hupatikana bila bei hiyo. Mahali pale pale katika himoglobini ambapo badiliko moja limeleta selimundu, badiliko jingine lililoenea Afrika Magharibi limeleta himoglobini ya aina ya C, ambayo nayo hukinga, na mwenye nakala zake mbili huwa na ugonjwa mwepesi tu. Aina nyingine ya malaria, ile ya vivaksi, kwa kawaida huhitaji mlango fulani juu ya chembe nyekundu ili iingie. Watu karibu wote wa Afrika Magharibi na ya Kati hawana mlango huo kwenye chembe zao, na wanaishi salama bila huo. Na katika Kilifi, kwenye pwani ile ile ambako jeni ya selimundu imeenea, watafiti wamechunguza damu ya kundi linaloitwa Dantu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ngozi ya chembe zake imekazika kiasi kwamba kimelea hushindwa kupenya. Walio nayo hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, na hakuna ugonjwa mkubwa unaofahamika kuwapata kwa sababu yake. Njia nyepesi, basi, ilikuwapo. Mtu aweza kusema kwamba mabadiliko ya vinasaba hutokea kwa bahati na yale yanayotangulia ndiyo yanayoenea, hayangojei lililo bora. Ni kweli kabisa, lakini huo ni udhaifu wa maumbile, na atakayeutumia kumtetea Mungu Mwenye uwezo wote atakuwa amempunguzia uwezo ili kumwongezea wema. Simkani Mungu kwa maneno haya. Nasema tu kwamba sababu ya ugonjwa isitumiwe kama udhuru wake, na nafikiri Ayubu, aliyewakatalia rafiki zake maelezo yao mazuri, angekubali.

Mtu asiye na dini atafurahi kufika hapa. Atasema: ndiyo, maumbile hayana haki wala dhuluma, jeni haijui inamkinga nani na inamwumiza nani, na swali lote la haki ni la kibinadamu tulilolitupia ulimwengu usiosikia. Nakubaliana naye kuhusu jeni. Ninachomlaumu ni kwamba yeye na mwenye jibu la pili, pamoja na ugomvi wao wote, huishia mahali pamoja: mmoja ameridhika kwamba mambo yamepangwa, mwingine ameridhika kwamba hayakupangwa, na mtoto bado analia. Kwamba maumbile hayana haki hakutuambii lolote kuhusu sisi tuliopokea matunda yake huku tukijua yalitoka wapi.

Hapo ndipo deni linapoanzia. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, maiti akishazikwa, madeni yake hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote. Mrithi hakukopa, huenda hata hakujua kwamba marehemu alikopa, lakini hawezi kuchukua shamba na kuliacha deni lililonunua shamba hilo. Wala halazimiki kutoa cha kwake kilichozidi urithi. Hali yetu sisi tuliotokana na nchi za malaria ni hiyo. Yeyote ambaye mababu zake waliishi kwa vizazi vingi pwani, kandokando ya maziwa au katika mabonde ya mito ya Afrika, ni karibu hakika kwamba miongoni mwao wamo waliovuka utoto kwa sababu walikuwa na nakala moja ya jeni hii. Na jeni isingeweza kubaki katika jamii bila kuwazaa, kizazi baada ya kizazi, watoto wenye nakala mbili. Uhai tulionao tumeurithi pamoja na hesabu hiyo. Mtoto anayezaliwa na selimundu leo katika wodi ya Muhimbili au ya Kisumu ndiye mwenye dai, na tulio wazima ndio warithi.

Pingamizi la kwanza liko wazi: hakuna aliyeniuliza. Sikuomba kukingwa, sikumtuma mtu augue kwa niaba yangu, na deni bila mkataba ni jina tu. Lakini wajibu wetu ulio mzito kuliko yote haukuanza kwa mkataba. Hakuna aliyewaomba wazazi wake wamzae wala wamlee, na hakuna dini wala mila ya huku kwetu inayomruhusu kwa hoja hiyo kumtupa mama yake mzee. Hata hivyo pingamizi hili lina ukweli ndani yake, nao unahusu kiwango. Warithi hawadaiwi majuto. Hakuna dada wa mtoto mgonjwa anayepaswa kujiona mwizi kwa kuwa yeye ana nakala moja na mdogo wake ana mbili. Deni hili ni la matunzo, na mpaka wake ni kile tulichonacho.

Pingamizi la pili ni la mcha Mungu: ikiwa ugonjwa ni kadari, basi kuuita deni la watu ni kuingilia hukumu isiyo yetu. Kwa hili jibu limo ndani ya historia ya Uislamu wenyewe. Khalifa Umar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham, alisikia kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda, mmoja wa masahaba wakubwa, alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alijibu kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu na kuingia katika nyingine. Abu Ubayda alifia katika tauni hiyo, na hakuna aliyesema kwamba imani yake ilikuwa pungufu au ya Umar ilikuwa pungufu. Kwa fikra hiyo, jeni ni kadari, na dawa ni kadari pia. Aliyepewa uwezo wa kumfikishia mtoto dawa asipofanya hivyo hawezi kujificha nyuma ya ile ya kwanza.

Deni la damu limeongezewa la elimu, na hili linawagusa hata wasio na babu wa Kiafrika. Selimundu ndiyo maradhi ya kwanza ambayo chanzo chake kilionekana katika molekuli yenyewe, katika kazi ya Linus Pauling na wenzake mwaka 1949. Ushahidi kwamba malaria ndiyo iliyoishikilia jeni hiyo ulitolewa katika damu ya watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na umefundishwa tangu hapo katika kila chuo kinachofundisha vinasaba. Vipi matunda ya elimu hiyo yamewarudia? Dawa ya haidroksiurea iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya selimundu mwaka 1998. Kwa miaka mingi ilihofiwa kwamba ingewadhuru watoto wa Afrika, hasa kwa sababu ya malaria, na haikuwa mpaka mwaka 2019 ndipo matokeo ya utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda yalipoonyesha kwamba inawafaa, inapunguza maumivu na vifo, na hata malaria ilipungua. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri vinasaba vya mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Siulaumu ugunduzi huo, nauonea fahari kama kazi ya akili ya binadamu. Lakini wale ambao damu yao ilifungua mlango ndio walio mbali nao kuliko wote.

Kuna njia moja ya kulipa ambayo inapendekezwa kwa nia njema, nayo inahitaji tahadhari. Bahrain na Saudi Arabia zimeweka kipimo cha lazima kabla ya ndoa, na yapo makanisa na misikiti huku Afrika inayowataka wachumba walete majibu. Kupima ni jema. Mtu ana haki ya kujua kilichomo katika damu yake kabla ya kuamua jambo kubwa la maisha. Hofu yangu ni pale kujua kunapogeuka katazo, na katazo kugeuka aibu. Katika miaka ya 1970 majimbo kadhaa ya Marekani yaliweka sheria za kuwapima watu weusi, baadhi zikichanganya mwenye nakala moja na mgonjwa, na watu wazima wenye afya wakanyimwa kazi na bima kwa ajili ya jeni iliyowaokoa mababu zao. Na hata pale kipimo kinapofanywa kwa heshima, deni halilipwi kwa kuhakikisha kwamba mdai hazaliwi. Watoto waliokwisha kuzaliwa wapo, na wengine watazaliwa na wazazi waliojua na wakapendana, au wasiofikiwa na kipimo chochote.

Kinachodaiwa kwa ajili yao kinaweza kutajwa kwa majina: kipimo cha damu katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa, penisilini na chanjo za kuwalinda na maambukizi ya utotoni, dawa ya kuzuia malaria, chandarua, haidroksiurea kwa bei ambayo familia ya mkulima inaweza kuimudu, na damu salama kutoka benki ya damu inapohitajika. Vingi kati ya hivi vinajulikana kwa miongo kadhaa. Mahali vinapokosekana, watoto wengi hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, mara nyingi bila mtu kutambua kwamba walikuwa na selimundu. Jumuiya za dini zimezoea kuvitoa vitu kama hivi kwa jina la sadaka, siku ya kutembelea wagonjwa, kila moja kwa kadiri ya moyo wake. Naomba vihamishwe kutoka kwenye daftari hilo. Sadaka hutolewa anapopenda mtoaji, na anayeipokea hushukuru. Deni lina siku yake, lina kiasi chake, na anayelidai hana sababu ya kuinamisha kichwa anapokuja kulichukua.